Nakuru Ilizaliwa na Nanga

Wacha niseme kitu ambacho watu wa Naks hawatapenda: mji wetu haukuanzia hapa. Ulianzia majini, Mombasa, mahali panapoitwa Kilindini, zaidi ya kilomita 600 kutoka huku Bahati. Kama kina cha yale maji kingekuwa kifupi, huenda saa hii Nakuru ingekuwa jina la ziwa tu.

Najua kuna msee atauliza, "We ni mtu wa bara, mambo ya bandari yanakuhusu nini?" Yananihusu, na wewe pia. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuwaonyesha, lakini ramani naijua kusoma. Twende polepole.

Chombo cha baharini hakisimami popote tu. Nahodha anataka vitu vitano. Kina cha kutosha. Kinga ya upepo na mawimbi. Chini pawe na mchanga au tope, kwa sababu kwenye mwamba nanga inateleza. Mlango unaoingilika. Na maji ya kunywa karibu. Ukikosa kimoja, unaweza kulala macho usiku mzima ukisikiliza kamba.

Sasa angalia pwani yetu. Karibu yote ina ukuta wa matumbawe mbele yake. Lakini matumbawe hayapendi maji matamu wala tope, kwa hivyo pale ambapo maji ya bara yalimwagika baharini, ukuta una mapengo. Ndiyo maana tuna Kilifi, Mtwapa na Mombasa: mikono ya bahari inayoingia ndani, maji yametulia, upepo umezuiwa. Hizo ndizo sehemu ambazo mabaharia walizitafuta tangu zamani, na mpaka leo ukienda Mtwapa ama Kilifi utapata mashua za tanga zimetia nanga humo humo.

Halafu kuna pepo. Kaskazi inavuma kuanzia karibu Novemba au Desemba mpaka Machi, inaleta majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi inaanza karibu Aprili, inayarudisha. Hakukuwa na injini, bana. Ukifika na kaskazi, unangoja kusi ndiyo urudi. Hiyo ni miezi, siyo siku. Na mtu akingoja miezi anafanya nini? Anapanga nyumba, anauza, anakopa, anaoa, anaswali, anajifunza lugha ya wenyeji. Bandari nzuri ilikuwa inageuka mji kwa sababu watu walikwama humo. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta miji tayari imesimama na watu wake.

Kwa hivyo tukifundishwa shuleni kwamba Vasco da Gama "alifika" mwaka 1498, uliza: alifika wapi, kwa njia ya nani? Mombasa hawakuelewana. Akaenda Malindi, mfalme wa huko akampa rubani, na huyo rubani ndiye aliyemvusha bahari mpaka Calicut, India. Jina la Da Gama liko kwa kila kitabu. Jina la rubani wanahistoria wanabishania mpaka leo. Mwenye kujua njia amesahaulika, abiria ndiye maarufu.

Na cheki kilichofuata. Wareno walikuwa na marafiki Malindi, lakini mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus Mombasa, wakahamishia nguvu zao huko. Urafiki ulikuwa Malindi, lakini bandari ilikuwa Mombasa. Ngome yenyewe waliiweka hapo kwenye mlango wa bandari ya kale, ili kila chombo kinachoingia kipite chini ya mizinga. Mwenye kushika mahali pa kutia nanga ndiye anayeshika biashara.

Sasa tunakaribia nyumbani. Kisiwa cha Mombasa kina pande mbili. Upande mmoja ni bandari ya kale, ambayo ilitosha majahazi. Upande wa pili ni Kilindini, mkono mpana wa bahari wenye kina kirefu. Meli kubwa za mvuke zilipokuja, upande huo ndio ulioweza kuzibeba. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, mataruma, vyuma na injini vilikuja kwa meli. Reli ikapanda, ikapita Tsavo, ikapita Nairobi, ikashuka Bonde la Ufa, ikafika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901. Nakuru kama mji ilikua kutokana na stesheni. Hiyo si siri.

Lakini hapa ndipo hadithi inauma. Reli ilikuwa ghali, na serikali ya kikoloni ikataka mashamba ya kuilipia. Walowezi wakaitwa, ardhi ya huku juu ikagawiwa wao, na waliokuwa wakiishi ama kulisha mifugo hapa wakasukumwa. Hata haya mashamba ya Bahati tunayopiga nayo picha za machweo yalikuwa ya walowezi. Nanga ilishuka Kilindini, ardhi ikachukuliwa huku. Ukitaka kuelewa kwa nini kuna familia hapa ina ekari mia na nyingine inapanga chumba kimoja, usianzie uchaguzi uliopita. Anzia majini.

Kuna meli ingine lazima niitaje. SS William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, halafu vipande vikasafirishwa nchi kavu mpaka Ziwa Victoria. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikiwa bado haijafika huko. Maana yake ni kwamba watu walibeba meli. Kwa mabega. Wakavuka hili bonde letu. Meli ilipewa jina la tajiri wa Scotland aliyeanzisha kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Wapagazi hawakupewa hata boya.

Na usifikirie kwamba Bonde la Ufa halijawahi kuwa na bandari. Kuanzia mwaka 1937 mpaka 1950, Ziwa Naivasha lilikuwa kituo cha ndege za majini katika safari za kutoka Southampton, Uingereza, kwenda Afrika Kusini. Ndege ilishukia majini, ikafungwa kama mashua, na abiria wa Nairobi wakapelekwa kwa barabara. Marubani walitafuta kile kile alichotafuta nahodha wa jahazi: maji yaliyotulia, nafasi na kinga. Baadaye ndege za nchi kavu zikashinda, na ziwa likaachiwa wavuvi, viboko na wenye mashua za starehe.

Sasa tuko hapa. Miaka ya karibuni maziwa ya bonde yamepanda, na watu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, wameona maji yakiingia mpaka sebuleni. Kwa wengine, mashua ni ya kupunga upepo wikendi. Kwa wengine, ni ya kutoa godoro nyumbani. Ni ziwa moja.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia vijana wenzangu wakisema bahari ni ya watalii na historia ya meli ni ya wazungu. Hebu soma tu jina. Kilindini inatoka kwa neno "kilindi". Ni mahali penye kina kirefu. Kabla mhandisi yeyote wa reli hajashusha kamba yake kupima, kuna baharia Mswahili alikuwa amepima tayari, akaacha jibu ndani ya jina lenyewe, kwa lugha ambayo mimi na wewe tunaongea kila siku. Ile ilikuwa ramani. Tulikuwa tunaitaja tu kwa redio bila kuisoma.

Kwa hivyo kazi yako wiki hii: uliza nyanya yako, ama mzee yeyote hapo kwenu, jina la mahali mnapoishi linatoka wapi, na nani aliishi hapo kabla reli haijapita. Uandike. Jina la mtu, siyo la kampuni. Tusirudie mambo ya yule rubani.