Wekundu wa Kuta za Pompeii

Leo twaingia katika nyumba za watu waliokufa zamani sana, tutazame kuta zao. Mji wenyewe ni Pompeii, nchi ya Italia, karibu na mlima Vesuvius. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima huo ulilipuka, ukaufunika mji kwa majivu na mawe mepesi. Uchimbaji ulianza mwaka 1748, na kuta nyingi zikaonekana zingali na rangi. Iliyowavutia watu zaidi ni nyekundu iliyoiva, kama ya chungu kilichotoka motoni.

Wekundu huo ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, nao haukuwa ghali. Fundi aliusaga, akaukoroga kwa maji, akaupaka juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi. Chokaa ikikauka hugeuka kama jiwe, na rangi hunaswa humo.

Wa pili ni sinabari, jiwe lenye zebaki. Hili lilikuwa ghali hata serikali ikaweka kikomo cha bei: sarafu 70 ziitwazo sesterti kwa ratili moja. Habari hiyo yatoka kwa Plinius, mwanachuoni aliyekufa katika mlipuko ule ule wa mwaka 79. Atwambia pia kwamba mafundi wengine waliosha brashi zao mara kwa mara, rangi ya mwenye nyumba ituame chini ya maji, wapate kuichukua. (Mwizi wa namna hii hakuzaliwa jana!)

Tena sinabari haipatani na jua. Vitruvius, bingwa wa ujenzi wa Kirumi, aeleza habari za karani mmoja, Faberius, aliyetaka nyumba yake ya Roma ipendeze kuliko za wenzake. Alipakisha sinabari kuta zote za baraza iliyozunguka ua. Baada ya siku 30 tu zikaharibika, zikawa madoadoa, ikambidi atafute rangi nyingine. Dawa yake, asema Vitruvius, ni kupaka nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo, kuipasha kwa makaa, kisha kuisugua kwa kitambaa safi.

Matajiri wa Ulaya walipoona kuta za Pompeii, walizitamani. Mfalme Ludwig I wa Bavaria alijenga nyumba nzima ya mfano huo mjini Aschaffenburg katika miaka ya 1840. Lakini mwaka 2011 wataalamu wa Italia walieleza kwamba kuta nyingi zilizohesabiwa nyekundu zilikuwa za manjano hapo mwanzo. Udongo wa manjano nao una chuma, ila chuma hicho kimeshikana na maji; joto kali likiyafukuza maji, udongo huwa mwekundu. Hewa ya moto ya Vesuvius ilifanya kazi hiyo ukutani. Basi aliyepaka chumba chake wekundu ili aishi kama Mrumi, huenda aliiga kazi ya mlima, si ya fundi.

Ukitaka kuyaona haya kwako, chukua bonge la udongo wa manjano, liweke juu ya kigae, ukichochee kwa makaa mpaka kigae kiwe chekundu kwa moto. Liache lipoe, ulilinganishe na bonge jingine ambalo hukulichoma.