Jeni ya Hc

Jeni ya Hc ni jeni ya panya wa maabara (Mus musculus) yenye maelekezo ya kutengeneza protini ya C5, mojawapo ya protini za mfumo wa komplementi. Iko katika kromosomu ya 2 ya panya. Jeni inayolingana nayo kwa binadamu huitwa C5 na iko katika kromosomu ya 9. Jeni ya Hc inajulikana hasa kwa sababu nasaba kadhaa za panya wanaotumika sana katika utafiti zina nakala yake iliyoharibika, na kasoro hiyo inaweza kubadilisha matokeo ya majaribio.

Asili ya jina

Herufi Hc zinatokana na maneno yenye maana ya komplementi inayopasua seli za damu. Katika kipimo cha zamani, seramu ya mnyama huchanganywa na seli nyekundu za damu za kondoo zilizokwisha kushikwa na kingamwili. Komplementi ikiwa kamili, seli hizo hupasuka. Seramu ya panya wa nasaba fulani ilishindwa kuzipasua, na katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba hali hiyo hurithiwa. Baadaye ilithibitika kuwa panya hao hawana C5.

Kazi

Komplementi ni kundi la protini zilizomo katika damu ambazo huamshana moja baada ya nyingine vijidudu vinapoingia mwilini. Kuna njia tatu za kuuamsha mfumo huu, na zote hukutana kwenye protini ya C3. Baada ya C3 hufuata C5, ambayo hutengenezwa hasa katika ini. Kimeng'enya huikata C5 katika vipande viwili:

- C5a ni kipande kidogo. Huziita seli nyeupe za damu mahali penye maambukizi na kuchochea uvimbe.
- C5b ni kipande kikubwa. Hujiunga na C6, C7, C8 na molekuli kadhaa za C9 na kufanya tundu katika utando wa bakteria. Maji huingia kupitia tundu hilo na bakteria hupasuka.

Panya asiye na C5 hukosa vyote viwili. Hata hivyo C3 yake hubaki, kwa hiyo bado anaweza kuvitia vijidudu alama ili vimezwe na seli za kinga.

Badiliko la Hc0

Nakala iliyoharibika huitwa Hc0. Imepungukiwa na besi mbili tu karibu na mwanzo wa jeni. Kwa kuwa besi husomwa tatu tatu, mbili zikiondoka mafungu yote yanayofuata hubadilika. Hapa alama ya kusimama hujitokeza mapema mno, na protini kamili haitengenezwi.

Panya mwenye nakala mbili za Hc0 hana C5 katika damu. Mwenye nakala moja anayo, ila kwa kiwango cha chini. Nasaba za DBA/2, A/J, AKR, SWR, FVB/N na NOD zina Hc0, lakini C57BL/6 na BALB/c zina jeni nzima.

Athari

Katika vizimba safi vya maabara panya wasio na C5 huishi na kuzaana kama kawaida. Tofauti huonekana wanapoambukizwa. Panya wa A/J hushindwa upesi na bakteria wa Listeria na kuvu wa Candida albicans, na upungufu wa C5 umehusishwa na udhaifu huo.

Kwa upande mwingine, kukosa C5 kunaweza kuwa kinga. Panya wasio nayo hawapati kwa urahisi ugonjwa wa viungo unaosababishwa makusudi kwa kuwadunga kolajeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha pia kwamba kukosa C5 huwakinga panya dhidi ya malaria ya ubongo inayoletwa na Plasmodium berghei. Hivyo C5 hiyohiyo inayoua vijidudu inaweza kuumiza mwili ikichochea uvimbe kupita kiasi.

Umuhimu katika utafiti

Mtafiti akilinganisha panya wa DBA/2 na wa BALB/c, anaweza kudhani kwamba dawa au jeni nyingine ndiyo iliyoleta tofauti, kumbe ni Hc. Kwa sababu hiyo hali ya jeni hii huangaliwa kabla ya kuchagua nasaba. Nasaba za B10.D2/nSnJ, yenye C5, na B10.D2/oSnJ, isiyo nayo, hutumika kwa ulinganisho kwa kuwa zinakaribiana sana katika jeni nyingine.

Kwa binadamu

Upungufu wa kurithi wa C5 ni nadra kwa binadamu. Wenye hali hiyo huweza kupata mara kwa mara homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa Neisseria meningitidis. Dawa ya eculizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ni kingamwili inayozuia C5 isikatwe. Hutumika katika ugonjwa adimu ambao komplementi huvunja seli nyekundu za mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa humwacha mgonjwa katika hatari ileile ya Neisseria, huchanjwa dhidi ya bakteria hao kabla ya kuanza tiba.

Tazama pia

- Mfumo wa kinga
- Kingamwili
- Jeni