Mwanamke katika nyimbo na picha za inchi yetu

Mtu akitaka kujua namna wanaume wa miji ya Kongo walivyowawaza wanawake tangu vita ya pili ya dunia, hana lazima ya kuanza na vitabu. Asikilize nyimbo zilizopigwa katika baa na katika nyumba, tena atazame picha zilizotundikwa ukutani mahali pa kupokea wageni. Humo wanawake ni wengi mno. Nyimbo zina majina yao, picha zina sura zao. Lakini liko ulizo moja ambalo wachezaji wa dansi hawakuliuliza mara nyingi: ni nani aliyetunga maneno hayo, na ni nani aliyeshika burashi?

Tukumbuke kwanza miji yenyewe. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya kazi, na kazi iliita wanaume. Kwa muda mrefu wanaume walipita wanawake kwa hesabu katika Léopoldville na Elisabethville. Kampuni Union Minière ilianza kubadili desturi mwishoni mwa miaka ya 1920, ikataka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na bibi zao na watoto, maana mtu mwenye jamaa hakimbii kazi upesi. Basi mwanamke aliyefuata mume wake alikuwa na mahali katika daftari: bibi ya fulani. Lakini mjane je? Na yule aliyeachwa? Na yule aliyetoka kijijini kwa miguu yake mwenyewe kutafuta riziki? Serikali ya Wabelgiji iliwatungia jina refu la Kifaransa lenye maana ya mwanamke anayehesabiwa kuwa anaishi peke yake, ikawatoza kodi yao ya pembeni. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, wasemaji wa Kiswahili, walikataa kwa sauti kubwa katika miaka ya 1950. Kilichowauma zaidi ya feza ni lile jina. Wajane wenye heshima zao waliona wamewekwa katika fungu moja na malaya, na kila jirani alijua hivyo.

Katika miji ya namna hiyo ndimo nyimbo zetu zilimozaliwa. Mwaka 1948, Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua nyumba ya kutengeneza sahani za muziki mjini Léopoldville, akaiita Ngoma. Mwaka uleule Wendo Kolosoy, aliyekuwa amefanya kazi ya fundi katika mashua za mto Kongo, aliimba Marie-Louise pamoja na mpiga gitari Henri Bowane. Wimbo ulienea kila mahali. Watu walisema ya kuwa ukipigwa usiku wa manane, wafu wanafufuka! Mapadri hawakupendezwa hata kidogo na uvumi huo, na hadisi za taabu alizopata Wendo kwa ajili yake zilisimuliwa mpaka uzee wake. Alikufa mwaka 2008. Lakini tazameni jambo hili. Waliopiga dansi walijua jina la mwimbaji, walijua jina la mpiga gitari, walijua na jina la msichana. Mwanamke aliitwa katika wimbo, alisifiwa, alipendwa, kujibu hakujibu.

Baadaye alijibu, lakini kwa kinywa cha nani? Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa la ajabu. Watunzi wa Kongo walizoea kuimba wakijifanya wanawake. Mwanaume mwenye ndevu anasimama mbele ya maikro na kusema: mimi mwanamke, mume wangu amenitupa, mpinzani wangu ananicheka. Franco Luambo, mkubwa wa OK Jazz, alikuwa fundi wa kazi hiyo kupita wote. Mwaka 1984 alitoa Mamou: yeye na Madilu wanaimba ugomvi wa wanawake wawili, rafiki kwa rafiki, juu ya bibi ambaye mume wake yuko mbali Ulaya naye hakai kwa uaminifu. Mwaka uliofuata akatoa Mario, kijana msomi anayekula mali ya mama tajiri aliyemzidi umri. Mimi nasema Mario ina haki zaidi kuliko Mamou, kwa sababu mara hii lawama ilimwangukia mwanaume, na jina lake likawa neno la kuchekea vijana wavivu wanaotunzwa na wanawake. Franco alijua kusikiliza mazungumuzo ya kisimani na ya sokoni. Wanawake wengi walimpenda kwa sababu hiyo, wakisema anajua shida zao. Wengine walikasirika, wakisema anawafundisha wanaume kuwashuku bibi zao. Nazo nyimbo zake za mwaka 1978, Hélène na Jacky, zilikuwa chafu kabisa, hata serikali ya Zaïre ikamtia gerezani.

Ama mtunzi Mayaula Mayoni, aliyekuwa kwanza mchezaji wa mpira katika Vita Club, yeye alifanya jambo linalostahili kuwazwa. Alitunga Chérie Bondowe, ambamo malaya anajitetea mwenyewe bila haya, na wimbo ule ulikatazwa. Tena alitunga Ndaya, ambamo bibi mwenye furaha anajivunia mume wake mwema. Mpongo Love aliuimba Ndaya kwa sauti tamu, na wanawake wakaufanya kuwa wimbo wao. Malaya asiyetubu na bibi aliyetulia nyumbani, wote wawili walitoka katika kalamu ya mwanaume mmoja.

Hata hivyo wanawake walikuwa wamekwisha kuikaribia maikro zamani. Lucie Eyenga aliimba katika sahani tangu miaka ya 1950. Abeti Masikini, mzaliwa wa Stanleyville mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant aliyeongoza jimbo la Orientale na kuuawa mwaka 1961, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1973, na mwaka 1974 katika Carnegie Hall mjini New York. Hakuwa pambo la kundi la mtu mwingine: wanamuziki walikuwa wake, jina juu ya tangazo lilikuwa lake. Kwa Mbilia Bel mambo yalikuwa namna nyingine. Aliingia katika Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981, na mara moja watu wakamtaka yeye. Wanawake walishangilia Eswi yo wapi mwaka 1983, mwanamke akimuuliza mpinzani wake ni wapi panapomuuma. Lakini karibu nyimbo zake zote za wakati ule zilitungwa na Tabu Ley. Sauti ya mwanamke sasa ilikuwa ya kweli. Ugomvi ulikuwa bado ni ule ule, mwanamke juu ya mwanamke, na mwanaume katikati akigombewa.

Serikali nayo ilikuwa na mchezo wake. Wakati wa Mobutu, wanawake walipangwa mistari kucheza mbele ya wakubwa, kitambaa chenye sura ya Rais kikiwa kimezunguka viuno vyao, na wakati uleule walikatazwa kuvaa suruali kwa sababu si desturi ya mababu. Mababu wenyewe hawakuulizwa.

Tukigeukia picha, huku Katanga tunakutana na Mamba Muntu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliipaka juu ya magunia ya unga, wakaiuza kwa bei ndogo, na wafanyakazi wengi waliitundika mahali pa kuketi wageni. Nusu mwanamke, nusu samaki. Ngozi nyeupe, nywele ndefu, saa mkononi, mara nyingi nyoka karibu naye. Walisema mtu akipata kitana chake au nywele zake, atatajirika. Lakini sharti anyamaze na kumtii, na labda jamaa yake mmoja atakufa. Mshahara hautoshi, na jirani amenunua gari: feza imetoka wapi? Picha inajibu: kwa mwanamke wa majini. Pembeni yake, katika nyumba ileile, iliweza kuwapo picha nyingine iitwayo Colonie belge, mfungwa akipigwa fimbo mbele ya Mzungu. Mara nyingi humo pia wako wanawake, wadogo, ukingoni, wakilia au wakiwaletea wafungwa chakula. Mimi nawaona hao kuwa wa kweli zaidi, lakini mnunuzi alipenda yule mwenye saa awe mkubwa katikati.

Katika Elisabethville ileile alizaliwa Tshala Muana mwaka 1958. Alichukua mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai, akaipeleka mpaka Ulaya. Kwa miaka mingi watu walisema juu ya viuno vyake tu: wengine kwa kusifu, wengine kwa kulaumu, wakidai ya kuwa mama hachezi vile mbele ya watu. Maneno aliyoimba hayakuzungumuzwa sana. Mwezi wa Novemba 2020 alitoa wimbo Ingratitude, juu ya mtu asiyemshukuru aliyemwinua. Wasikilizaji wakafahamu, au wakadhani wamefahamu, ya kuwa anasemwa Rais Tshisekedi juu ya Kabila aliyemtangulia. Tarehe 16 ya mwezi ule watu wa usalama walikuja kumkamata Kinshasa, wakamwachilia upesi. Alikufa tarehe 10 Desemba 2022. Franco alifungwa kwa ajili ya uchafu wa nyimbo zake. Mchezaji wa mutuashi, baada ya miaka arobaini ya kulaumiwa kwa viuno, alikamatwa kwa sababu ya maneno.