Kutoka Waraka hadi Kitabu: Ripoti za David Zarembka wa Lumakanda

Vitabu kadhaa vya Afrika Mashariki havikuzaliwa vikiwa vitabu. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilichapwa sehemu baada ya sehemu kabla ya kutolewa katika juzuu moja mwaka 1962. Barua za Shaaban Robert zilitoka kitabuni mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake. Makala haya yanachunguza mfano wa zama za intaneti, yaani nyaraka za baruapepe alizoziandika David Zarembka akiwa Lumakanda, pamoja na kitabu chake cha 2011.

Zarembka, Mmarekani wa dhehebu la Marafiki, alikuwa mratibu wa African Great Lakes Initiative, mradi wa amani uliofanya kazi hasa Rwanda, Burundi na Kenya. Mwaka 2007 alihamia Lumakanda pamoja na mkewe Mkenya. Mji huo mdogo wa Lugari, katika eneo lililokuwa la mashamba ya walowezi wa Kizungu, uko karibu na mpaka wa Uasin Gishu, si mbali na Turbo. Machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007, hayakuwa habari za mbali kwa wakazi wake.

Nyaraka hizo zilijulikana kama Reports from Kenya, na kitabu kikaitwa A Peace of Africa: Reflections on Life in the Great Lakes Region. Majina hayo yanadhihirisha mabadiliko mawili. Kwanza, ripoti imegeuka tafakuri. Pili, Kenya imepanuka kuwa Maziwa Makuu. Mwandishi wa ripoti ya Januari 2008 hajui kwamba mapatano yatatiwa sahihi tarehe 28 Februari. Kutojua huko ni sehemu ya fani yake. Mwandishi wa kitabu anaujua mwisho, na maarifa hayo humpa uwezo wa kulinganisha na kueleza visababishi. Hata hivyo, anachopata katika upana wa maudhui hukipoteza katika taharuki ya usimulizi.

Kwa hiyo, si sahihi kuziona ripoti kuwa rasimu tu za kitabu. Ripoti ni ushahidi wa siku. Kitabu ni hukumu ya baadaye. Jambo moja, hata hivyo, halikubadilika: lugha ilibaki Kiingereza, na hadhira ya kwanza ilikuwa ng'ambo. Jirani wa Lumakanda alikuwa mhusika kabla ya kuwa msomaji.

Zarembka alifariki mwaka 2021. Kitabu kina nafasi yake maktabani, lakini waraka wa baruapepe hutegemea aliyeuhifadhi. Mhakiki atakayeisoma historia ya 2008 kwa kutumia kitabu peke yake atapata maana ya matukio, ila ataikosa hofu ya wale waliokuwa hawajajua yataishaje.