Sikukuu za Wageni Katika Nchi ya Wagusii

Msomaji, ufikapo mji wa Kisii au Nyamira tarehe 14 Februari, utaona vijana waliovaa nguo nyekundu wakipeana maua na kadi. Hiyo ndiyo Siku ya Wapendanao, iitwayo kwa jina la Mtakatifu Valentino wa Roma. Wazee huwakemea wakisema kwamba hiyo si desturi ya Wagusii. Ni kweli, si yao. Lakini mbona hawaikemei Krismasi?

Hebu tuitazame miaka. Mapadre wa Mill Hill walianza misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye. Kabla ya hapo tarehe 25 Desemba ilikuwa siku kama siku nyingine katika milima hiyo. Wala wageni hao hawakupokewa kwa shangwe: mwezi wa Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana mjini Kisii, watu waliziingia misheni zote mbili wakapora mali. Tena Wasabato, ambao ni wengi sana huko, hawakuifundisha Krismasi kuwa amri, kwa kuwa hawaioni katika Biblia. Siku yao kuu ni Jumamosi. Hata hivyo sikukuu ilienea.

Nadhani iliyoieneza zaidi ni shule. Kalenda ya masomo ilileta likizo ya Desemba, na tohara, iliyo sherehe kubwa kupita zote kwa Wagusii, hufanywa siku hizi katika likizo hiyo hiyo. Ndugu waliotawanyika Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani. Basi huenda mji mmoja ukasonga ugali wa wimbi na kuchinja mbuzi kwa furaha mbili pamoja, wala hakuna aulizaye ipi ni ya kigeni. Mgeni alipewa kiti karibu na mwenyeji.

Valentino hajapewa kiti hicho. Nionavyo mimi, linalotia hofu si wekundu wa nguo, bali ni kwamba katika sherehe hiyo obokano haisikiki, ile zeze kubwa ya nyuzi nane, na wajuao kuipiga wanapungua.

Jambo moja wazee husahau kulitaja. Huko Tabaka mafundi huchonga mioyo midogo ya jiwe la sabuni, nayo huuzwa Ulaya na Marekani, wapendanao wa huko wapate kupeana.