Dripu iliyozua ubishi chini ya Wanale

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, husikika hotuba nyingi kuhusu upendo na kujitolea. Husikika kidogo mno kuhusu somo la damu ambalo Mbale, mji wa Uganda uliojibanza chini ya majabali ya Wanale, uliufundisha ulimwengu.

Damu ni mchukuzi asiyerudi mikono mitupu. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, protini yenye chuma. Molekuli yake moja hushika molekuli nne za oksijeni mapafuni na kuziachia kwenye misuli, ubongo na moyo. Safari ya kurudi hubeba hewa ya ukaa: sehemu ndogo hushikwa na himoglobini, ila takriban asilimia 70 hugeuzwa bikaboneti na kusafiri katika majimaji ya damu hadi mapafuni, itolewe kwa pumzi. William Harvey alieleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Max Perutz akapata Nobel mwaka 1962 kwa kufichua umbo la himoglobini. Hayo yamo vitabuni.

Ya Mbale yalianzia wodi ya watoto. Malaria hupasua chembe nyekundu, wachukuzi wakabaki wachache. Muuguzi akivuta chini kigubiko cha jicho la mtoto, hukuta weupe pale palipotakiwa kuwa pekundu. Viganja vimepauka, miguu ni ya baridi, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi. Mafundisho ya madaktari, hasa yale ya nchi tajiri, yalisema mtoto wa namna hiyo aingiziwe upesi dripu ya maji ya chumvi ili damu isukumwe vizuri.

Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa na makao yake Kilifi, Kenya, alitaka ushahidi. Kuanzia mwaka 2009 utafiti uitwao FEAST ulifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Mbale ilikuwa mojawapo, chini ya Dkt. Peter Olupot-Olupot. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe dripu ya haraka, wengine wasipewe. Wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuhusishwa, kwani wao maji ndiyo yaliyowapotea.

Ilikusudiwa wafike watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia, uandikishaji ulisimamishwa. Katika saa 48 za mwanzo, waliopewa dripu ya haraka walikuwa wamekufa asilimia 10.5, wasiopewa, asilimia 7.3.

Ndipo ubishi ukaanza. Wapo madaktari wa Ulaya na Marekani waliosema matokeo hayo hayawahusu: Afrika haina mashine za kupumulia, watoto wake wana malaria. Ajabu ni kwamba kanuni yenyewe ilipoletwa huku, hakuna aliyeuliza kama hospitali zetu zina mashine hizo.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walirudia takwimu zilezile na kutoa maelezo yenye kuingia akilini. Maji yale yalizimua damu, himoglobini ikashuka. Chumvi yake ikapunguza bikaboneti, damu ikazidi kuwa na asidi. Mchukuzi aliyekwisha elemewa aliongezewa njia ya kupita, hakuongezewa wenzake.

Likaja pia swali la damu yenyewe. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Mbale, Soroti na Mulago nchini Uganda, na Blantyre nchini Malawi, ulichapishwa mwaka 2019. Ulionyesha kwamba mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu asiye na homa hunufaika akipewa mililita 30 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, badala ya 20. Mwenye homa, kipimo hicho kikubwa humdhuru.

Kwa hiyo elimu tunayo, na ilipatikana hapa kwa watoto wetu. Lakini mililita hizo 30 zitoke wapi? Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi. Shule zikifungwa, majokofu ya damu hubaki matupu, na malaria haina likizo. Watu wazima tumewaachia watoto kazi ya kuokoa watoto wenzao. Ni aibu. Benki ya damu ya mkoa iko hapahapa Mbale. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Usisubiri Juni.