Obiti, Mzingo na Falaki

Mwanafunzi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, akiulizwa mzingo wa dunia ni kiasi gani, atajibu kwa mujibu wa somo la hisabati kuwa ni kilomita 40,000 hivi, yaani urefu wa mstari unaoizunguka dunia penye ikweta. Lakini wako waandishi walioliteua neno hilohilo kuwa jina la njia ipitayo dunia ikilizunguka jua, na kwa maana hiyo jibu ni kilomita milioni 940. Istilahi moja haiwezi kubeba majibu mawili yanayotofautiana kiasi hicho.

Falaki ndilo neno kongwe. Kwa Kiarabu, falak ni tufe la mbingu na pia njia ya nyota humo, nalo lina undugu na jina la kisahani kizungukacho katika kijiti cha kusokotea uzi. Pwani yetu ililipokea kuwa jina la elimu ya nyota, na ile maana ya njia ikafifia. Waarabu wa leo nao huiita njia hiyo madar, neno la ukoo mmoja na duara yetu.

Obiti imetufikia kwa Kiingereza kutoka Kilatini, orbita, yaani alama iachwayo na gurudumu ardhini. Mwenyeji wa Balangdalalu aliyefuata mkokoteni wa ng'ombe wakati wa masika haihitaji kamusi: gurudumu la kwanza likishachimba, la pili huingia mlemle. Wanaolikataa neno hili kwa sababu ya ugeni wake wakumbuke kuwa falaki na sayari nayo yalikuja kwa jahazi.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Neno la Kiswahili likawa angani, nasi hatukuwa na jina moja la njia yake!

Zamani tuliupendelea mzingo, kwa kuwa umetokana na kitenzi chetu zinga. Sasa tunaona ubaki katika hisabati, obiti iwe njia, na mzunguko liwe tendo lenyewe. Hata hivyo mzunguko wa saa 24 juu ya mhimili na ule wa siku 365 kulizunguka jua bado vinashiriki jina, na walimu wanaendelea kuuliza.